Moyo Mkubwa

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima. Wasiwasi wetu ni wewe na hayo mashuka ya hoteli yasiyokwisha kufuliwa.

Shule yetu imeamka. Soda na biskuti zimeondolewa kwenye duka la shule, sasa ni matunda na maji, na kila asubuhi kabla ya kengele watoto wote wanakimbia kuzunguka uwanja. Mimi mwalimu wa michezo ndiye msimamizi. Hata mwalimu mkuu anakimbia, kitambi kikimtangulia. Watoto waliokuwa wakisinzia darasani wamechangamka.

Binti yako Sisimizi bado anajikunyata pembeni. Anasema bibi yake alimkataza kukimbia. Unamjua marehemu mama, alimlea mtoto kama yai. Tangu nimchukue namzoesha taratibu.

Mdogo wako

11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Afya ninayo, ila mvuke wa pasi unanikausha koo. Nambusu Sisimizi.

Hayo mazoezi ni mazuri, lakini yananitia hofu. Cheka ukitaka. Mama hakumkataza bure. Usisahau alivyosema daktari: mtoto ana moyo mkubwa. Nawe uwe na macho. Siku hizi nikisikia mtu anakimbia kwenye korido ya hoteli nashtuka, sijui kwa nini.

Dada yako

20 Februari

Dada,

Shikamoo. Umeacha kushtuka? Sisi tunakula na kulala.

Daktari wenu hakukosea. Juzi Sisimizi aliachwa nyuma na wote, anahema, midomo imempauka, lakini hakusimama. Nikamwambia apumzike, akakataa. Nikawaambia wenzake, tazameni, mwili mdogo, moyo mkubwa. Wakampigia makofi, akacheka hadi akakaa chini. Usiku anakohoa kidogo, nadhani ni vumbi. Analalamika viatu vinambana jioni, nitamtafutia vingine.

Ijumaa ijayo tuna mashindano, na nimemwandikisha. Ungemwona anavyojivuna.

Mdogo wako

Alhamisi, 26 Februari

Mdogo wangu,

Leo sina salamu. Mtoe mtoto uwanjani.

Moyo mkubwa si ushujaa. Ni ugonjwa. Daktari alituonyesha kwenye picha: moyo wenyewe umetanuka, umelegea, hauwezi kusukuma damu inavyotakiwa. Nilidhani mama alikueleza kabla hajatutoka. Nilipokuandikia nilidhani unajua. Hicho kikohozi si vumbi, na viatu havina kosa, miguu inavimba.

Simu ya shule naipiga tangu jana barua yako ilipofika, inaita tu. Hii nimempa dereva wa basi la alfajiri, nimemwapisha akukabidhi mkononi. Meneja anasema nisubiri wiki iishe ndipo anipe ruhusa. Naogopa, mdogo wangu, naogopa hadi nashindwa kukunja shuka. Asikimbie. Hata akilia, asikimbie.

Dada yako

Ijumaa, 27 Februari

Dada,

Yu hai. Nianze na hilo.

Dereva alinikuta uwanjani, mbio zimeshaanza. Nilisoma nimesimama. Sisimizi alikuwa upande wa pili, wa mwisho, kichwa ameinamisha. Nikaiweka filimbi mdomoni, nikaitoa. Nikipuliza, anaongeza mwendo. Nikimwita, huja mbio. Hivyo ndivyo nilivyomzoesha. Nikikimbia mimi, atadhani tunashindana. Basi nikamfuata kwa kutembea, nakata uwanja katikati, natabasamu, wazazi wananishangaa. Sijawahi kuogopa vile.

Nilipomfikia nikamkumbatia nikaketi naye chini. Moyo wake niliusikia kwenye mbavu zangu mwenyewe. Akaniuliza, “Mjomba, nimekosa nini?”

Wamemlaza hospitali. Wamemwekea hewa ya puani, na daktari hajanipa neno la kushika. Mwalimu mkuu amekuja. Nimemwambia mazoezi yaendelee, lakini asikimbie mtoto yeyote kabla ya kupimwa, na asiyeweza kukimbia atembee. Amekubali. Kwa wengine tumewahi.

Usimsubiri meneja. Mtoto anadhani tumemwadhibu kwa kuwa wa mwisho. Amenishika kidole, ananiahidi kwamba wakimtoa hapa atakimbia kasi zaidi. Njoo umwambie wewe. Mimi nimejaribu, haniamini.

Mdogo wako