Mstari wa Mahindi Uliokataa Kukauka

Kamukuywa

Mjukuu wangu Nekesa,

Pokea salamu za nyumbani. Mama yako amemaliza kupalilia, na dada yako amejifungua msichana kule Matisi. Wote wako salama.

Umeniuliza swali. Kwenye utafiti wako wa uzamifu, kompyuta ikichambua jeni za mtama, mimea michache inakataa kufanana na mingine. Wenzako wanasema ni makosa, uifute. Ufanye nini?

Nikiwa msichana niliandika vipimo kwenye shamba la utafiti wa mahindi karibu na Kitale. Msimu mmoja ugonjwa ulikausha mistari yote isipokuwa mmoja. Nikaandika, "Kijani."

Msimamizi alipoona alikasirika. "Ati kijani? Andika umekauka kama mingine, ama uende kwenu."

Kazi ile niliipenda sana. Lakini nikamwambia, "Mzee, si twende uone mwenyewe?"

Tulitembea hadi mwisho wa shamba. Alishika jani moja, akashika lingine, akainama mpaka kwenye shina. Mwishowe akasema polepole, "Mama, huu mstari uulinde mpaka uvunwe."

Mbegu zake tulizipanda msimu uliofuata, na ugonjwa uliporudi, mahindi yake hayakukauka.

Yako huenda ni makosa kweli, sijui. Nenda uangalie tena kabla hujafuta. Sisi hatukuwa na mtu wa kutuambia kwa nini mstari ule ulipona. Siku hizi, Nekesa, mtu huyo ni wewe.

Ni mimi kukhu wako,
Rasoa