Usingizi Ulioamua Divai ya Harusi

Kwa Dada Yustina,

Shikamoo. Ninakuandikia kutoka Lushoto nikiwa mzima, ila nimechoka kiasi kwamba hata ukungu wa huku naona unanilemea mabegani.

Leo mchana nilikaribishwa bada, ugali wa muhogo, na kisamvu kwa familia itengenezayo divai. Mzee hutengeneza ya ndizi, mkewe ya plamu. Binti yao Tumaini anaolewa Jumamosi, na kila mmoja ataka yake ndiyo inywewe harusini; hivyo mimi mgeni niliombwa niamue. Kama ilivyo desturi, kila mmoja alionja kwanza mbele yangu, kisha akanimiminia.

Ya ndizi niliimaliza nikiwa macho. Ya plamu ilinikuta nimelegea, nikasinzia mezani na tonge mkononi.

Nilizinduka mama akicheka. "Baba Tumaini, umeona? Yangu imempumzisha!"

"Huyo kachoka kwa kupanda mlima tu!"

"Na wageni wa harusi watakuja kwa kushuka?"

Mzee akamsogezea mkewe glasi yake, ammiminie ya plamu.

Nawaombea afya njema wewe na shemeji. Mkiniandalia maji ya moto ya kuoga siku ya kurejea, nitashukuru mno.

Mdogo wako akupendaye,
Elia