Taa Nyeupe za Nyuma

Jumatatu, 4 Agosti

Sare tatu za shule, gauni moja la kipaimara. Cherehani inakata uzi tena. Kulwa na Doto wamekwenda shule, Doto akiwa na soksi moja. Baba Kulwa karudi mchana kutoka Katoro, na gari limebadilika. Ni lilelile letu la abiria, mchomoko, kiti cha nyuma kimechanika. Ila kwenye vioo vya pembeni kuna vitaa vya zambarau vinavyokimbizana, na kitaa cha namba nacho zambarau.

Nimeuliza ni vya nini. Eti urembo tu. Mwanamume huyu nilimnunulia mafuta ya kupaka mwaka juzi na chupa bado imejaa. Leo anajua urembo.

Jumatano, 6 Agosti

Nilikuwa natoka dukani, giza linaingia. Nikaona taa nyeupe mbele yangu barabarani, nikaruka pembeni kupisha. Gari halikuja. Lilikuwa limenipa mgongo. Lilikuwa letu.

Ametoa vioo vyote vyekundu vya nyuma, kaweka vya maji visivyo na rangi, na balbu nyeupe ndani. Taa ndogo nyeupe, breki nyeupe, kila kitu cheupe. Nikamwambia nilidhani unakuja kunigonga. Akacheka. Anasema nyekundu ni za washamba, mjini wote wameacha. Kharumwa hii imekuwa mjini lini?

Sikukipenda kile kicheko. Hakikuwa chake.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watoto walitaka kwenda kwenye maonyesho Geita. Baba yao kasema ana abiria maalumu, hawezi. Abiria gani, hakusema. Kaondoka alasiri njia ya machimboni, kurudi kaliosha gari mwenyewe, nje na ndani. Huwa analipeleka kwa vijana wa kuosha.

Jumamosi, 9 Agosti

Mto wangu mwekundu haupo kwenye kioo cha nyuma cha gari. Ule niliofuma kwa mkono, wenye maua. Nimeukuta chini ya kitanda ndani ya kiroba. Anasema ulichafuka. Nimeugeuza pande zote. Hauna hata doa.

Nani kaukataa mto wangu? Mwanamume hana habari na mto.

Nimemweleza Mama Neema wa saluni, mlango wa pili na duka langu. Kasema gari linalovalishwa hivyo lina mtu linayemvalia. Mama Neema ana mdomo, lakini si mara nyingi anakosea. Nimekata kitambaa cha watu vibaya kwa hasira.

Jumapili, 10 Agosti

Misa ya kwanza. Baba Kulwa kaongoza maombi, maana ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu. Sauti nene, macho kafumba. Nilimtazama mpaka Doto akanivuta mkono. Sikuwa nasali. Nilikuwa najiuliza anamwombea nani.

Nje ya kanisa vijana wakalizunguka gari, wakaomba awashe. Akawasha. Fundi Deus wa umeme wa magari peke yake hakucheka. Alimwambia wazi kwamba urembo afanye mbele na pembeni akipenda, ila nyuma aache nyekundu, kwa sababu dereva akiona nyekundu mguu unaenda kwenye breki kabla hajafikiri. Akiona nyeupe anajua mtu anakuja. Baba Kulwa akamjibu kwamba ana wivu kwa sababu kazi kapewa fundi wa Katoro.

Deus akaondoka zake. Mimi nilikuwa na jambo langu kubwa kuliko balbu.

Jumanne, 12 Agosti

Sasa analipaki gari kinyumenyume, matako ukutani kabisa, hata paka hapiti. Anasema ni trafiki, akiona zile taa atamsumbua.

Kama ni urembo, mbona unafichwa?

Jumatano, 13 Agosti

Kalala mchana. Nimechukua ufunguo, nimelipekua gari. Chini ya mazulia, mifukoni, kwenye mishono ya viti. Nilitafuta unywele, nikapata maganda ya karanga. Lakini kiti cha nyuma kinanuka ubani. Kinanuka hasa, kama nyumba ya bibi harusi. Nimeuliza. Kasema abiria mmoja alibeba. Hakunitazama.

Ni mwanamke. Sasa sina shaka. Mwanamke wa ubani, asiyetaka mto wangu, anayependa vitaa vya zambarau.

Jumamosi, 16 Agosti

Jana Ijumaa, njia ileile, saa ileile. Nimehesabu Ijumaa, ni ya pili.

Nimewaambia watoto kuanzia Jumatatu watatembea kwa miguu kwenda shule. Kulwa kalia. Sitaki wanangu wakalie kiti cha mtu mwingine. Nimekuwa na mume huyu miaka kumi na moja na sijawahi kumchukia. Leo nimemchukia wakati anakula, kwa jinsi anavyotafuna.

Alhamisi, 21 Agosti

Sijaandika, nimechoka na kufikiri. Dada yangu wa Maganzo kapiga simu, anasema nisifanye jambo, nisubiri, la kuvunda halina ubani. Nilicheka peke yangu. Ubani ndio ninaonusa.

Nikimkuta naye naondoka na watoto. Nimeshaamua. Nitakwenda kwa huyohuyo dada.

Ijumaa, 22 Agosti

Saa tisa na nusu. Amepita mbele ya duka sasa hivi, vioo amefunga. Kiti cha nyuma kuna mtu kajitanda kitambaa kichwani. Nafunga duka.

Jumatatu, 25 Agosti

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umefungwa kifuani, mfupa wa bega umevunjika. Nataka kuandika kila kitu kabla sijaanza kukipamba.

Nilimchukua Masunga kwenye kijiwe cha bodaboda. Kijana mwema, huwa ananiletea vitambaa kutoka stendi bila kuvikunja vibaya. Nikamwambia anipeleke machimboni nikampime mteja nguo. Utepe wa kupimia nilikuwa nimeuvaa shingoni ili uongo uwe na sura. Sikumwambia kwamba mume wangu yuko mbele. Ningemwambia nini? Nakwenda kumfumania?

Tulikaa karibu na mashimo mpaka jua likashuka, nikijifanya namsubiri mteja. Sikumwona. Nikakata tamaa, tukageuka kurudi. Njiani lori la mawe likatupita, vumbi likawa ukuta. Masunga akawasha taa, akapunguza mwendo. Kumbe Baba Kulwa alikuwa ametoka nyuma ya mashimo kwa njia ya mkato, akaingia barabarani mbele yetu. Ng'ombe wakavuka. Akakanyaga breki.

Taa nyeupe zikawaka kwenye vumbi, kali, upande wetu wa barabara. Masunga akasema, "Huyu anakuja upande wetu."

Mimi nilijua. Nilizijua zile taa, niliwahi kuzikwepa mwenyewe. Nilijua ule ni mgongo wa gari na kwamba hakuna anayekuja. Kulikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nilivuta kanga nikajifunika uso ili mume wangu asinione.

Masunga akakata kushoto kumpisha mtu asiyekuwepo. Kushoto kulikuwa na kalavati.

Mimi nilirushwa kwenye majani. Yeye pikipiki ilimwangukia mguu. Sauti ile sitaki kuiandika.

Baba Kulwa alisimama. Hilo niliandike. Angeweza kwenda zake, hakwenda. Alikuja mbio, akamwona Masunga, kisha akaniona mimi. Hakuniuliza kitu. Nyuma yake akashuka yule wa kitambaa kichwani. Ni Shija, mnunuzi wa dhahabu, mwanamume mwenye ndevu. Nilikuwa chini, bega limevunjika, kijana analia pembeni yangu, na nikafurahi. Naona aibu lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi.

Baba Kulwa akampakia Masunga kiti cha nyuma atuwahishe hospitali. Shija alichungulia, akaona damu, akachukua mkoba wake. Akasema hapandi gari lenye damu. Tukamwacha amesimama vumbini.

Jumanne, 26 Agosti

Nimemuuliza. Watoto walikuwa kwa Mama Neema. Nimemuuliza mara moja tu, naye kakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kajibu akitazama sakafu.

"Ni masharti ya Shija. Mganga wake kamwambia, akibeba mzigo, chekundu kisimfuate mgongoni. Mzigo utapotea."

Ndiyo maana taa. Ndiyo maana mto wangu. Ubani nao ni wa Shija, anafukiza kiti kabla ya kukaa. Vile vitaa vya zambarau hata mganga hakuvitaja. Baba Kulwa aliviweka mwenyewe ili nyeupe za nyuma zionekane ni mtindo, watu wa jumuiya wasije wakajua mwenyekiti wao anafuata masharti ya mganga. Kajifanya limbukeni mbele ya mji mzima, kwa sababu ulimbukeni hauna aibu kubwa.

Nilimwuliza kama yeye anaamini. Kasema hapana. Kasema Shija ndiye anaamini, yeye anaendesha tu.

Bora angekuwa na mwanamke. Mwanamke ningejua la kumfanya.

Alhamisi, 28 Agosti

Mama yake Masunga kaja asubuhi kwa miguu kutoka kijijini kwao, na kuku chini ya kwapa. Baba Kulwa akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaanza kushukuru. Kashukuru kwa Kisukuma, kashukuru kwa Kiswahili. Mwanawe kawekewa chuma mguuni na daktari anasema atatembea, ila kama atapanda pikipiki tena hajui. Anasema Mungu ndiye alimweka Baba Kulwa barabarani siku ile. Yule mshenzi wa taa kali alikimbia, na mgeni asiyehusika ndiye akasimama.

"Vijana wa kijiweni wanalitafuta hilo gari, mayu," kaniambia mimi, akiniita mama kwa Kisukuma. "Watalipata tu."

Baba Kulwa kampokea kuku kwa mikono miwili. Nilisubiri aseme. Nilimpa muda wa kutosha. Akasema pole, akasema Mungu ni mwema. Mimi nikaenda jikoni kuchemsha chai kwa mkono mmoja, na huko nikakaa muda mrefu kuliko chai inavyotaka.

Usiku tulikuwa wawili mezani na wote tulikuwa tunajua.

Ijumaa, 29 Agosti

Deus alikuja kurudisha taa nyekundu. Baba Kulwa alimwita mwenyewe. Walifanya kazi uani, geti limefungwa. Deus hakuuliza kitu na hakusema nilikwambia. Mafundi wengine wangesema. Alipomaliza akanyoosha kidole kwenye vitaa vya zambarau, akauliza hivi navyo? Baba Kulwa akasema ng'oa vyote.

Shija alipiga simu. Nilisikia Baba Kulwa akimwambia atafute gari lingine.

Nikadhani yamekwisha. Kisha nikaona jinsi anavyozikusanya zile balbu nyeupe kwenye mfuko, anafunga fundo, anatazama shimo la taka. Anafuta. Taa zikirudi nyekundu, gari lile la taa nyeupe halitapatikana milele. Vijana watatafuta mpaka wachoke, au watamkamata asiyehusika.

Nimemwambia: Jumapili baada ya misa utakwenda kumwambia Masunga, usipokwenda nitakwenda mimi. Kasema watamchomea gari. Nimesema huenda. Kasema mimi ni mke wa namna gani. Sikumjibu, kwa sababu naye angeweza kuniuliza nilikuwa nakwenda wapi siku ile nyuma ya pikipiki. Hajauliza hata leo. Nahisi anajua.

Jumapili, 31 Agosti

Misa sikuisikia. Maombi kaongoza mtu mwingine, yeye aliomba kupumzika.

Tukaenda hospitali. Alisimamisha gari chini ya mkaratusi nje ya wodi, akazima, akakaa. Nilidhani hatashuka. Akashuka. Nilimwona dirishani akivuta kiti, akikaa, akiongea na kofia yake mapajani. Masunga alikuwa kalala chali, mguu umeinuliwa. Hakupiga kelele. Aliongea kidogo tu, kisha akageuza uso ukutani.

Baba Kulwa alirudi akakaa kwenye usukani bila kuwasha. Nikamwuliza kasemaje.

"Hakusema habari ya gari. Kaniuliza kama wewe ulikuwa unajua. Kwamba zile taa ni za nyuma."

Nikamwuliza alimjibu nini.

"Nimemwambia hukujua."

Hakunitazama. Aliweka mkono kwenye ufunguo, akasubiri nimwambie tuondoke. Alikuwa amenipa uongo huo kama zawadi, na ningeweza kuuchukua. Tungefika nyumbani, ningepika.

Nilifungua mlango kwa mkono mmoja. Wodini kulikuwa na watu wengi wanakula, harufu ya wali. Kiti alichokalia Baba Kulwa kilikuwa bado kimevutwa karibu na kitanda. Nikakaa. Masunga hakugeuka, lakini hakuwa amelala.