Magari Ishirini na Sita Njia ya Kwihara

Kanyenye, Tabora

Mama yangu,

Pokea shikamoo mbili, moja ya leo na moja ya miezi mitano niliyokaa kimya. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma imebaki, au umewagawia majirani wote wa Kondoa kama kawaida yako? Mimi ni mzima, duka la vipuri linakwenda. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu unapokea kupitia kwa kaka Athumani, na nikifika kwenye yanayomhusu, atasema mtandao umekata. Vaa miwani usome mwenyewe.

Unakumbuka ile pikapu mbovu niliyonunua, Athumani akasema itafaa kufugia kuku? Nilitumia miaka mitatu kuitengeneza kwa mikono yangu, hakuna ndugu aliyenichangia hata nati moja. Ilipowaka nikajiunga na chama cha hapa cha wenye magari ya zamani. Jumapili moja kila mwezi tunatoka kwa msafara, tunafuata ile njia ya wapagazi wa kale, Kwihara na kuendelea, mara nyingine hadi Ipole kununua asali.

Chama kina taratibu zake. Mtu haji mwenyewe, sharti mwanachama amshike mkono amlete mbele ya wazee. Safari ya kwanza aliyekushika mkono anakaa nyuma yako, ukikwama anakuvuta. Kuanzia safari ya pili, aliyejiunga mwisho ndiye anayefunga msafara mpaka aje mwingine. Basi, Mama, nilijiunga mimi, halafu hakuja mwingine. Miaka minne nimekula vumbi la wenzangu! Na hao hao nawarekebishia magari, nawaandikia na kumbukumbu za vikao.

"Tatu, leo umekula kilo ngapi?" Mwenyekiti wetu, Mzee Mashaka, huniuliza tukishuka.

"Mbili, Mzee. Ya tatu nimekufungia upeleke nyumbani."

Wanacheka, lakini mimi nilikuwa nahesabu. Nilipoingia tulikuwa kumi na wanane. Wengine wamezeeka, wengine wameuza magari, wengine tumewazika. Masika haya tulibaki saba. Mzee Mashaka akatamka kwamba yakiisha tukiwa saba, tunafunga chama. Nilirudi dukani nikaitazama pikapu yangu na moyo ukaniuma. Gari unaweza kuliendesha peke yako, ndiyo, lakini msafara haufanywi na mtu mmoja.

Nikasema tufungue tovuti. Wazee wakakubali kwa masharti yao. Mwenyekiti akaniamuru niandike, nikaandika: picha yake amekaa kwenye kiti, majina ya viongozi na vyeo vyao, katiba yote kurasa kumi na moja, na mwisho, "Karibuni nyote Jumapili pale pale kwetu." Miezi miwili waliifungua watu mia mbili na kumi na wanne. Hakuja hata mmoja. Wazee wakasema, umeona, watu wa siku hizi hawapendi magari.

Kumbe! Akaingia dukani mwanamke mmoja muuguzi, aliyehamishiwa hapa kutoka Songea, anatafuta mkanda wa feni. Akaona picha ya msafara ukutani.

"Dada, hawa mnawajua? Nimewatafuta Jumapili tatu!"

"Ni sisi."

"Sasa pale pale kwenu ni wapi? Mimi wa Songea, pale pale nitapajulia wapi? Na hii pikapu ya nani?"

"Yangu."

"Mbona kule kwenye tovuti hakuna mwanamke hata mmoja? Nilidhani nitafukuzwa."

Mama, nilikaa juu ya gunia la springi. Watu saba, kila mmoja anapajua mahali pa kukutania, hakuna aliyefikiria kupataja. Na mimi mwenye kujisifu hesabu nimo!

Siku ile ile nikaifumua tovuti. Katiba nikaiweka nyuma. Mbele nikaweka picha ya barabara yenyewe, na mimi nimechafuka hadi kope. Nikataja kiwanja cha kukutania kilipo, saa tunayoondoka na saa tunayorudi, mafuta ya kutosha ni lita ngapi. Nikaandika kwamba gari bovu linapokelewa, na kwamba mmoja akiharibikiwa sote tunasimama. Nikaweka mahali pa mtu kuandika jina na simu yake.

Wakaanza kuandika. Wa Nzega, wa Sikonge, mwalimu mstaafu wa hapa hapa mtaani ambaye gari lake nimepita ubavuni mwake miaka yote limefunikwa turubai. Mmoja wa Urambo aliandika kwamba babu wa babu yake alibeba pembe ya ndovu kichwani njia hii hadi pwani, miezi mitatu kwa miguu, naye anaomba kuiona. Nilisoma nimesimama. Sisi tunanung'unikia saa mbili za mashimo!

Walifika kumi na tisa na magari yao. Mzee Mashaka akawatazama, akauliza, "Nani kawashika mkono?"

Nikaona wataondoka, na chama kimekufa pale pale kiwanjani.

"Mimi," nikasema. "Wote."

"Mkono mmoja watu kumi na tisa?"

"Ninayo miwili, Mzee."

Wazee wakaangua kicheko, yeye hakucheka. "Haya. Basi utakaa nyuma yao wote. Atakayekwama ni wako."

Nikakubali. Wamekwama wanne, wanne wote nimewavuta, kamba moja imekatika, na muuguzi wetu ndiye aliyeshuka kunisaidia kusukuma. Safari ijayo napanda hadi nafasi ya saba, wapya wote nyuma yangu, ni haki yangu na nitaidai. Lakini nikueleze jambo moja.

Nisalimie shangazi anayekaa na wewe, na mjomba fundi cherehani. Wifi mwambie kitambaa chake nimekipata. Athumani mwambie kuku watafute banda lingine.

Jambo lenyewe ni hili. Miaka minne yote nikiwa mwisho, nilikuwa naliona gari la mwenyekiti mbele, sikulipoteza hata siku moja. Jumapili ile, baada ya Kwihara, barabara ilinyooka na vumbi likatulia kidogo. Nikatoa kichwa dirishani kuhesabu. Nilifika kumi na nne, Mama, mengine yalikuwa mbali mno. Mwanzo wa msafara sikuuona.

Mwanao asiyechoka kukuombea,
Tatu