Umeishia Ukurasa wa Ngapi?

4 Februari

Kaka yangu,

Hujambo wewe, na wifi hajambo, na watoto? Na huo mgongo, umekubali kupumzika au bado unauinamisha juu ya meza ya kazi kutwa nzima? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila miguu imevimba kwa kusimama. Kila siku naalikwa mahali.

Kaka, kitabu changu kinachapwa mara ya tatu! Juzi saluni nimemkuta mwanamke amepakwa dawa ya nywele, kichwa kinamwasha mpaka machozi yanamtoka, lakini kitabu hakiachi. Msusi anamwambia twende tukaoshe, yeye anasema ngoja nimalize sura hii. Nilijikausha kama simjui aliyekiandika. Hata mwenye nyumba wangu, ambaye sijawahi kumwona akisoma kitu zaidi ya mita ya umeme, amekimaliza na kunigongea mlango kunipa pole ya kifo cha mama.

Wewe tu ndiye uliyesema "kizuri, hongera" ukanyamaza. Nami nakujua. Tangu utoto, kitabu kikisifiwa na watu wengi wewe unakiacha njiani. Unakunja pembe ya ukurasa, unanirushia: "Malizia wewe, uje unihadithie." Sawa, hivyo vilikuwa vya watu baki. Hiki niliwaomba wachapishaji kwa makusudi wakipeleke kiwanda chenu, ili kijalidiwe, kishonwe na kutiwa jalada, kwa mikono yako. Basi niambie, mwisho umeuonaje? Nina hamu ya kusikia kwako kuliko kwa wote.

Mdogo wako


21 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako tumeipata, nasi hapa wote tu wazima. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Wifi yako anakusalimu. Mtoto wa mwisho ameota meno mawili na anamng'ata kila anayempakata.

Nani kakuambia sikumaliza? Nimemaliza. Mwisho umenigusa sana. Ile harusi, mdogo wangu! Pale bibi harusi anapomwona baba yake amesimama getini na koti la kuazima, anaogopa kuingia, naye anaacha wageni wote anakwenda kumshika mkono. Umefanya vizuri kuwapatanisha. Watu wana shida zao, wanataka kufunga kitabu roho ikiwa imetulia.

Kazini tumebanwa. Mashine ya kukunja kurasa imekufa na tunakunja kwa mkono, kwa hiyo usinilaumu nikichelewa kuandika.

Kaka yako


2 Machi

Kaka,

Salamu. Natumaini mko salama.

Kitabu changu hakina harusi.

Niliisoma barua yako mara tatu nikidhani nimerukwa na akili. Hakuna harusi, hakuna koti la kuazima, na baba anakufa ukurasa wa kumi na mbili, kama baba yetu alivyotuacha mapema. Nikampigia mhariri wangu. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akanifumbua macho: wiki mlipokijalidi, kiwanda chenu kilikuwa na riwaya nyingine mezani, ya mapenzi, nayo inaishia harusini. Fungu lake la mwisho la kurasa lilishonwa kwa bahati mbaya kwenye nakala chache za kwangu. Bila shaka yako uliiokota kwenye lile rundo la nakala mbovu, zile mnazoruhusiwa kwenda nazo nyumbani. Na wewe, fundi wa kazi hii kwa miaka kumi na tisa, hukugundua, kwa sababu hukusoma. Ulifunua kurasa tatu za mwisho ili upate cha kuniandikia!

Wageni wanakimaliza, kaka. Wewe tuliyetoka nawe tumbo moja kimekushinda. Unanionea aibu? Au ni kijicho? Nasema hivyo kwa sababu inaniuma, tena inaniuma sana. Mwenzio nilipokuwa naandika kila sentensi nilikuwa najiuliza utasemaje.

Umeishia ukurasa wa ngapi? Nijibu hilo tu.

Mdogo wako


17 Mei

Mdogo wangu,

Salamu, na samahani kwa kimya cha miezi miwili. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Sote wazima, isipokuwa mimi silali vizuri.

Ukurasa wa mia moja arobaini na tatu.

Pale mama, kitandani hospitali, anapomwita mwanawe wa kiume, naye yuko baa anacheka na wenzake. Hapo ndipo nilipokunja pembe. Nimejaribu tena mara nne. Nafika pale, nafunga. Ile harusi niliichungulia mwishoni tu, nikadhani baba yule ni wa mtu mwingine kitabuni.

Watu wa mtaani hawakufunga kitabu. Kila mtu anajua mwandishi ni dada wa yule mjalidi. Nikiingia kwa kinyozi mazungumzo yanakatika, wanaanza kusema habari za mvua. Mwenye duka alikuwa akinitania kila siku, sasa ananihudumia kama mgeni. Wifi yako alikimaliza kwa siku mbili, akanuna wiki nzima, kisha akaniuliza, "Baba watoto, ni kweli?" Nilitoka nikaenda kuzunguka tu.

Najua habari ya baa ulipewa na shangazi. Hakudanganya, aliniona. Ila hukuniuliza, mdogo wangu. Ungeniuliza.

Wiki ile mama alipokufa, uliandika kwamba unakuja Alhamisi. Asubuhi ile mama alikuwa na nafuu, akala kidogo, akaniambia, "Nenda stendi kampokee mwenzako, asihangaike na mizigo." Nikamwambia nikae naye, akakataa. Alitaka akuone. Nikaenda. Basi la saa nne likaja, hukushuka. La saa saba, hukushuka. Jua lilikuwa kali, na pale stendi mahali pekee penye kivuli ambapo unaona kila basi linaloingia ni ile baa ya ng'ambo. Nikakaa. Nilikunywa bia moja, sikatai. Sikuwa na mwenzangu na sikucheka na mtu. La saa kumi likaja, nikasimama kabisa nikaenda hadi mlangoni mwa basi, nikamuuliza kondakta kama kuna binti amebaki ndani amelala.

Niliporudi wodini walikuwa wameshatandika kitanda upya. Nesi akaniambia, "Alikuwa anakuita."

Wewe ulikuja Jumamosi. Ulilia mpaka ukazimia, tukakumwagia maji. Ningekuambia nini siku ile? Nilisema moyoni, huyu ana mzigo wa kutosha, nisimwongezee. Nikanyamaza. Miaka sita nimenyamaza, nawe ukaandika.

Kijicho sina. Nilijisifu kwa kila mtu kiwandani ulipotoa kitabu, kabla sijakifungua.

Kaka yako


29 Mei

Kaka,

Sijui nikusalimu vipi.

Alhamisi ile sikuwa mgonjwa na sikukosa basi. Nilikuwa nimebakiza kurasa chache za hadithi ya mashindano, ile ya kwanza kabisa, na mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa. Nikasema, acha nimalizie, siku mbili si kitu, mama nitamkuta. Sikumpigia mtu simu kwa sababu nilijua mtanilaumu. Sikujua kuna mtu ananisubiri. Ee Mungu wangu, sikujua.

Na nilipokuja nikakuta mama amekufa, nilihitaji mtu wa kumtupia. Shangazi akanipa baa. Nikaishika kwa mikono miwili.

Juzi nilialikwa kusoma mbele ya watu. Ukumbi umejaa, wengine wamesimama ukutani. Wakaniomba sehemu wanayoipenda wote, na unaijua ni ipi. Nilisoma mistari miwili tu. Nikafunga kitabu, nikasema samahani, nikashuka. Walinipigia makofi, kaka. Walidhani nimemkumbuka mama.

Nimewaomba wachapishaji wasimamishe toleo la nne. Wamenijibu karatasi zimeshachapwa na ziko njiani kuja kwenu kujalidiwa. Mpaka toleo la tano ndipo naweza kubadilisha neno. Kwa hiyo kosa langu linakuja mezani kwako nawe utalishona kwa mikono yako. Nimelia kama mtoto.

Naomba nije. Ukisema hapana nitaelewa.

Mdogo wako


10 Juni

Mdogo wangu,

Sote wazima. Mtoto ana meno sita, hatuna raha.

Karatasi zimefika. Msimamizi wangu, ambaye naye amesoma, akaniambia kwa upole nichukue likizo, wengine watashona. Nikakataa. Kazi ni kazi, na nisingependa fundi mwingine aiharibu. Fungu lile lenye ukurasa ule likinifikia naligeuza uso chini, napitisha sindano, naenda mbele. Leo nimefikisha nakala mia mbili.

Wifi yako nimemsomea barua yako yote. Jana aliniwekea maji ya moto ya kukanda mgongo bila kuombwa.

Unauliza kama uje. Sijasema nimekusamehe, mdogo wangu, usinisomee nisichoandika. Bado nina hasira, na nyingine ni juu yangu mwenyewe, kwa kunyamaza. Lakini njoo. Chumba kipo.

Ila usije moja kwa moja nyumbani. Pita kwanza kwa kinyozi. Pita kwa mwenye duka. Halafu nenda kwa shangazi, ukae chini, unywe na maji. Uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe ulikuwa wapi Alhamisi ile, na mimi nilikuwa namngoja nani. Usiniachie mimi.

Ukimaliza, mlango uko wazi.

Kaka yako