Baba Mkwe Ambaye Sijawahi Kumtazama Usoni

Baba mkwe wangu,

Mwaghonile. Ndiyo salamu ya kwetu Kyela, na ni mara ya kwanza naitoa kwako. Ulikaa kwetu Ikolo siku tisa wakati wa harusi yangu na mwanao, na katika siku hizo zote sikukusalimia hata mara moja. Najua uliliona hilo. Najua pia bado linakuuma, maana Tomasi ameniambia ulichosema wiki iliyopita.

Tomasi ndiye atakayekusomea barua hii kwa lugha yenu. Nimemwambia asiruke neno, hata pale nitakapokukaripia. Maana nitakukaripia kidogo, baba. Univumilie.

Kwanza nikueleze mambo yalivyofika hapa, kwa sababu mwanao ana tabia ya kukuficha mabaya. Mwezi uliopita niliitwa Dar es Salaam kuhojiwa kuhusu viza ya kuja kuishi na mume wangu huko kwenu. Nilikwenda na cheti cha ndoa na albamu nzima ya harusi, nimejiamini kweli. Dada wa dirishani, Mtanzania mwenzangu, alizifunua picha moja moja hadi mwisho. Akarudi mwanzo, akazifunua tena.

"Kwenye picha ambazo baba mkwe wako yumo, wewe haumo," akasema. "Na ulizomo wewe, yeye hayumo. Hizi ni harusi mbili?"

"Ni moja, dada."

"Huyu mzee anaitwa nani?"

Nikainamia albamu.

"Humjui jina?"

"Nalijua."

"Basi litaje."

"Siwezi kulitaja. Ni mkwe wangu."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa nimemeza pasipoti. Hata kwenye fomu, nafasi ya jina lako nilikuwa nimeiacha wazi, nikidhani Tomasi ataijaza mwenyewe. Akaniuliza tena kwa upole, na ule upole ndio ulionitoa jasho: una ndevu? Una upara? Macho yako yana rangi gani? Nikamwambia unavaa viatu vya kahawia vya kamba, na kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje.

"Nimekuuliza sura, dada. Si viatu."

Sura sikuwa nayo; hata kwenye albamu, picha ulizomo nilizifunua macho yangu yakiwa pembeni. Nilitoka pale, nikakaa kwenye ngazi za jengo la watu nikalia bila aibu.

Barua ya watu wa viza ikaja. Wana mashaka na ndoa yetu. Wamenipa siku ishirini na nane kupeleka vitu viwili: maelezo yangu, na tamko lako wewe, kwa kuwa nyumba tutakayoishi ni yako. Uandike kwamba unanifahamu na kwamba mimi ni mke wa mwanao kweli. Maelezo yangu niliyaandika siku ileile. Lako halijaja, na siku zimebaki kumi na moja. Nikamuuliza Tomasi, baba anaumwa? Ndipo akasema ukweli. Umemwambia huwezi kuweka saini kwamba unamfahamu mtu ambaye hajawahi kukuonyesha uso wake. Anasema ulikuwa mpima ardhi miaka yako yote ya kazi, na hujawahi kusaini ramani ya shamba ambalo hukulikanyaga kwa miguu yako.

Jamani! Nilitupa simu kitandani. Nilikasirika, nisikudanganye. Nilisema maneno ambayo mkamwana hapaswi kuyasema juu ya baba mkwe wake, nikashukuru mama alikuwa uani anageuza kokoa juani na hakunisikia.

Hasira ilipopoa nikaona kosa ni letu pia. Hakuna aliyekaa na wewe chini akakueleza vizuri. Tomasi alikuambia "ni mila yao," basi, kama mtu anayeeleza kwa nini mbwa wa jirani anabweka. Sasa nakueleza mimi. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke akiolewa humstahi baba mkwe wake kupita watu wote. Hakutani naye uso kwa uso. Hakai naye chumba kimoja. Jina lake halimtoki kinywani. Si chuki, baba. Kama ningekudharau ningekuja kukushika mkono siku ile ile.

Siku hizi wengi wameacha, sikatai. Nina rafiki anayeishi kijiji cha Busale, anakula meza moja na baba mkwe wake na wanataniana mpaka chai inamwagika. Lakini mimi ni mtoto wa mama yangu. Nilipochumbiwa na Tomasi, watu walisema, huyu kapata mzungu, sasa ataziacha adabu zote mlangoni kama ndala. Mama akaapa. "Baba wa mzungu naye ni baba mkwe," akasema. "Utamheshimu kama ambavyo ungemheshimu mzee wa hapa hapa." Hiyo ndiyo heshima uliyopewa. Wewe ukaona umefungiwa mlango.

Nakumbuka siku uliyofika. Nilikuwa napepeta mchele. Gari likasimama, ukashuka, na kwa pembe ya jicho nikaona mikono miwili imefunguliwa inakuja kunikumbatia. Nilirusha ungo! Mchele wote chini, kuku wakasherehekea, mimi nimeshazama migombani. Nikiwa huko nikasikia sauti yako ikimuuliza Tomasi jambo. Lugha sikuielewa ila uchungu niliusikia. Baadaye Tomasi akaniambia uliuliza, "Nimefanya nini?"

Hukufanya kitu, baba. Ningekuambia siku ile kama ningeweza.

Lakini ulijifunza upesi kuliko watu walivyotarajia. Siku ya tatu ukaanza kupiga mluzi kila unapotaka kukunja kona ya nyumba, ili nipate nafasi ya kujificha. Mluzi wenyewe mbovu, Mungu anisamehe. Wanawake jikoni wakawa wananicheka: "Toka mbio, treni ya mkweo hiyo!" Nilicheka nao, ila moyoni nilikuwa nimeguswa. Wapo wazee waliozaliwa hapa hapa wasiokumbuka hata kukohoa.

Na unakumbuka siku ulipokaa nje ya jiko letu, nyuma ya ule ukuta wa mianzi? Mimi nilikuwa ndani nachochea moto. Tomasi alikuwa amekufundisha maneno mawili ya Kiswahili, ukaanza kuyatumia. "Hii nini?" ukauliza. Ukarudia: "Hii nini?" Nikajikaza, nikajibu kupitia ukutani, "Sijui baba, sikioni." Halafu ukaelewa kwamba umeinua kitu mbele ya ukuta, ukaanza kucheka, na mimi nikacheka hadi nikakohoa moshi. Mpaka leo sijui ulikuwa umeshika nini. Tulicheka pamoja, baba. Watu wasiofahamiana hawacheki hivyo.

Nakujua kwa sahani zako zilizorudi jikoni. Chai huweki sukari. Samaki mbasa ulimpenda tangu siku ya kwanza, ila kichwa ulikirudisha kizima, na macho yake. Siku ya sita kichwa hakikurudi. Shangazi Sekela akaishika ile sahani tupu, akaionyesha jiko zima, akasema, "Sasa huyu amekuwa mtu wa Kyela." Ulidhani hakuna anayekuangalia?

Ila siku ninayotaka uikumbuke kuliko zote ni ile ya majaruba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, mpunga umesimama majini. Nilikuwa natoka mtoni na ndoo kichwani, natembea juu ya lile tuta jembamba linalogawa majaruba, na wewe ukatokea upande wa pili. Mluzi hukupiga, nadhani mvua ilikuchanganya. Migomba hakuna, nyumba hakuna, hata kichaka hakuna. Nikafanya nililofundishwa. Nikashuka kwenye tope hadi magotini, nikakupa mgongo, nikasubiri upite.

Hukupita. Nikasikia chubwi! Na wewe umeshuka upande wako, umenipa mgongo, umesimama kwenye maji baridi ili nipite mimi. Tukabaki hivyo, watu wazima wawili, njia tupu katikati yetu na mvua juu yetu. Mimi siwezi kupita kabla yako, na wewe hutaki kupita kabla yangu. Sijui tungesimama mpaka lini kama Shangazi Sekela asingetokea akapiga kelele, "Mnapanda mpunga au mnapanda watu?" Akakushika mkono akakupitisha. Kiatu chako kimoja kilibaki topeni, nikakitafuta kwa mikono, nikakiosha, nikakianika juu ya jiko. Ndipo nilipokiona kile kisigino.

Sasa niambie, mpima ardhi. Shamba hukulikanyaga?

Hapa ndipo ninapokukaripia. Ulipoanguka ukavunjika nyonga mwaka jana, kazi ya Tomasi ya visima vya maji hapa kwetu ilikuwa bado inaendelea. Alisita. Alisema, nitakuachaje, mwaka haujaisha tangu tuoane. Ni mimi niliyemfungia begi. Nilimwambia baba ni mmoja, nenda, mimi nitafuata. Sikumwambia subiri kwanza nimjue baba yako sura. Nilikuwa nakujua tayari. Mume wangu yuko kwako miezi kumi na moja sasa, anakuogesha, anakushika mkono ukijifunza kutembea, na hilo nalifurahia kwa moyo wote. Lakini kutoa mume si jambo dogo. Nikikuomba saini moja, unaniambia hunifahamu?

Haya, nimemaliza kukaripia.

Hali hapa si nzuri. Simu zetu zimekuwa fupi. Juzi Tomasi alinipandishia sauti, jambo ambalo hajawahi kulifanya: "Kwani ungemtazama mara moja tu ungekufa?" Nikakata simu. Nikienda Bondeni sokoni, wanawake wananiuliza bei ya mchele huku wanataka kujua kama mzungu ameniacha. Mama naye anasema kama nchi yenu haimtaki mtu mwenye adabu, nikae nyumbani nilime. Nikamjibu kwamba sikuolewa na shamba. Hatukuongea siku mbili. Kila asubuhi nahesabu siku kabla sijatoka kitandani, na kila asubuhi imepungua moja.

Nilikwenda kwa Shangazi Sekela kumuuliza kama mwiko huu unafunguka. Akasema hufunguka, ila mwenye kufungua ni baba mkwe mwenyewe, kwa kinywa chake, akipenda na wakati wake. Nikarudi nyumbani nikifikiri. Wewe unasubiri nikuonyeshe uso ndipo useme neno. Mimi nasubiri useme neno ndipo nikuonyeshe uso. Nikaona ule upumbavu wa kwenye majaruba tunaurudia, na safari hii hakuna shangazi wa kutupigia kelele. Mmoja wetu lazima apite.

Basi jana nilikwenda mjini, studio ya picha. Nilikaa kwenye kigoda, kitambaa cha bluu nyuma yangu. Mpiga picha akasema, "Inua uso, mama. Tazama hapa kama unamtazama mtu." Nikainua, nikainamisha. Akaniuliza kama nina maumivu ya shingo. Mara ya tatu ndiyo nikaweza.

Nilipofika nyumbani mama akaiona picha mezani. Nikajua leo ndiyo leo. Akaichukua, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akakaa nayo muda mrefu. Kisha akairudisha palepale.

"Ungefunga kilemba kizuri," akasema, akaenda kwenye kokoa zake.

Mwenzake Tomasi wa kazi ya visima anasafiri kuja huko Jumamosi, ameahidi kukukabidhi bahasha hii mkononi. Jina lako juu ya bahasha ameliandika yeye, mimi hilo limenishinda. Jambo moja kwa siku moja, baba.

Picha imo ndani, nimeifunga kwa karatasi nyeupe, uso umelala chini. Nimemkataza Tomasi kuifungua. Itafunguliwa na mkono wako au haitafunguliwa. Usitarajie tabasamu, sikuweza. Utaona mwanamke mwenye kovu dogo juu ya nyusi, macho yamevimba kidogo kwa kukosa usingizi, na hofu, hofu nyingi. Ndiye mimi. Hakuna mwingine nyuma yake.

Sikuombi useme uongo wala unihurumie. Leo ninapoandika zimebaki siku kumi na moja. Igeuze, unitazame kwa muda utakaotaka, kisha andika ulichokiona.

Mkamwana wako,
Subilaga