Koti la Theluji kwenye Jua la Riyadh

Bibi yangu wa Ruwais, shikamoo, na mkono wako naubusu kutoka huku Riyadh.

Jana Mjomba Khamis alinisimamisha juani kwenye istiraha, ile nyumba ya mapumziko, nimevaa koti zito la theluji na glavu, upinde mkononi. Ati nguo nitakazowindia Kanada ndizo nifanyie mazoezi, maana uzi wa upinde ukinasa kwenye koti, mshale huenda kombo, na karibuu, yule kulungu wa nchi za baridi, hukimbia na jeraha. Mlinzi, mzee wa Kisudani, akatuletea chai, akanitazama: "Binti, unaumwa?" Nilitamani ardhi inimeze.

"Yalla, vuta! Na bismillahi niisikie," akasema Mjomba. "Unanong'ona kama mwizi wa sukari!"

Nikaisema kwa sauti. Mshale wa kwanza ulitoboa katikati sahani ya karatasi tuliyoitundika iwe shabaha. Uliofuata, uzi ukanasa mkono wa koti, mshale ukaenda kuchoma mchanga. Mjomba hakunigombeza. Alinivua glavu taratibu, akasema, "Huko ukihisi unatetemeka, shusha upinde. Hakuna atakayekucheka."

Bibi, haya kwa mdomo nisingeweza kuyasema. Siogopi kukosa. Naogopa kumjeruhi tu huyo karibuu, akaenda kufia mbali, peke yake kwenye baridi ile.

Nimekukumbuka wewe na mchuzi wako wa samaki, Mungu akuweke. Na ukisali, niombee: ama nimpige afe pale pale, ama mshale usimguse kabisa.

Mjukuu wako akupendaye,
Nasra